Gego la Mkalimani

Swali lililoninyima usingizi Januari nzima lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu: ning'oe, au nisubiri mpaka Julai?

Nilikuwa na gego moja bovu, la chini, upande wa kushoto. Hospitali ya serikali pale Karatu ilikuwa tayari kuling'oa siku yoyote ya kliniki. Lakini Madam Joyce, mratibu wa kambi ya matibabu ya meno ya madaktari wa kigeni, aliniahidi kwamba nikivumilia mpaka Julai atakuja mtaalamu wa kutibu mizizi ya jino, atalisafisha na kuliziba bure, nami nitabaki na meno yangu yote. Nikiwaza kung'oa, naona pengo la maisha. Nikiwaza kusubiri, nakumbuka Desemba, kijiko kiliposhindwa kupita mdomoni mwangu. Mtu mwenye digrii anaweza kuligeuza swali kama hili mpaka likawa tasnifu, na mimi nililigeuza.

Sasa yamekwisha, ndiyo maana naandika. Najua kuna mtu, labda Endabash, labda Mang'ola, ambaye hivi sasa ameegemeza shavu kwenye ukuta wa baridi na anajiambia kwamba jino si ugonjwa, asiwasumbue watu. Jino ni ugonjwa. Wanaokuambia si ugonjwa hawajaumwa, au wameshapata pa kutibiwa.

Langu lilianza wakati wa masika. Nilikuwa Karatu, nimemaliza chuo, najitolea kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii. Kujitolea ni neno tunalotumia kwa kazi isiyo na mshahara ili mama zetu wasilie. Nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi, na ule utamu ukapita ndani ya gego kama msumari wa moto. Nikaiweka chai chini. Kesho yake nikatafunia upande wa kulia, nikajiona nimepata ufumbuzi. Nilitafunia upande mmoja kwa miezi, na kwa muda wote huo nilijiona mwerevu.

Kijana wa duka la dawa aliniangalia mdomoni kwa tochi ya simu. Meno ya wengi wetu tuliokulia huku yana rangi ya kahawia kwa sababu ya maji yenye madini mengi, na hilo ndilo jibu la kila kitu.

"Hiyo ni maji tu, dada."

"Maji hayaumi."

"Basi ni maji na baridi."

Akaniuzia vidonge nusu dozi, maana dozi nzima, alisema, ni kwa walioumwa kweli. Maumivu yalitulia. Nikamwona kijana yule kuwa ndiye daktari bingwa.

Yaliporudi nilikwenda kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, kwa sababu vya namna hiyo vipo vingi na sitaki vingine vijisikie vizuri. Pale kulikuwa na kiti cha meno. Kipya kabisa, bado kimevikwa nailoni yake, na ukutani picha ya siku kilipozinduliwa: viongozi sita wamekizunguka, mmoja amekikalia, wote wamefunga midomo.

"Daktari wa meno yuko masomoni," nesi alisema.

"Anarudi lini?"

"Akimaliza."

"Na kiti?"

"Kiti kipo," akasema, kama vile nimekitukana.

Nilikaa kwenye benchi la nje karibu asubuhi nzima baada ya jibu hilo. Sijui nilingoja nini. Nadhani nilikuwa natunga hotuba. Ndivyo nilivyo: watu wengine huondoka, mimi hubaki nikifikiria nilivyopaswa kujibu.

Mwili ulianza kubadilika taratibu, na hakuna anayekuambia mambo haya mapema. Sikio la kushoto liliuma bila kuwa na ugonjwa. Mdomo ukawa na harufu, nikazoea kuongea huku nimeuweka mkono mbele, na ofisini wakadhani ni adabu za kwetu. Nililala upande mmoja. Sketi zikawa kubwa. Watu wakanisifu kwamba nimependeza, nimekonda kama wa mjini. Nikawashukuru. Huo ndio ujinga wa maumivu ya jino, unaweza kuoza na huku unapongezwa.

Julai, kwenye baridi kali, wakaja wale madaktari wageni.

Madam Joyce alinipata kupitia ofisini. Alihitaji mtu wa kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kimaa, lugha ya Wamasai, na kurudi, kwa siku tatu, kwenye uwanja wa kanisa moja upande wa Ngorongoro. Aliniita "mpendwa" kabla hajanijua jina. Jina langu ni Naserian, nimezaliwa Oloipiri, Kimaa ndiyo lugha yangu ya kwanza, na nilikubali kwa furaha yenye hesabu ndani yake. Madaktari wa meno kumi na mimi mwenye jino bovu, mahali pamoja. Nilimwambia asubuhi ya kwanza kabisa.

"Usijali, mpendwa. Wewe si mgeni, wewe ni wa nyumbani. Tutamalizia na wewe."

Wa nyumbani. Nimelichukia neno hilo tangu siku ile. Maana yake ni kwamba unaweza kungoja.

Naomba niwatendee haki wageni: walikuwa wapole, waliamka mapema, na hawakuwafokea wagonjwa kama tunavyofokeana wenyewe. Lakini walikuja na boksi la meno ya mbele ya plastiki, ya kubandika. Na akina mama wa Kimasai walipofungua midomo, wageni waliona kitu kimoja tu: pengo la chini, mbele, mahali pa meno mawili.

Kwa asiyejua, lile pengo tunalitengeneza wenyewe. Mtoto anang'olewa meno mawili ya chini ya mbele, na anakua nalo, na ni sehemu ya uzuri wake. Wazee wanaeleza pia kazi yake: mtu akishikwa na ugonjwa wa kubana mataya, atapitishiwa hapo maziwa asife njaa. Wageni hawakuuliza. Daktari mmoja kijana, machozi yakimlengalenga, aliniambia nimweleze bibi mmoja kwamba anasikitika sana kwa meno aliyoyapoteza.

Nikatafsiri. Bibi akaniangalia, akamwangalia yeye.

"Mwambie mimi ndiye ninayemsikitikia. Mdomo wake umejaa mpaka mbele kama zizi lisilo na mlango."

Foleni nzima ikacheka. Daktari akacheka pia, akauliza amesema nini. Nikasema anashukuru.

Basi wakambandika bibi yule meno mawili meupe kama karatasi, wakampiga picha kabla na baada. Magego yake mawili yaliyooza, ambayo ndiyo yaliyomtoa nyumbani alfajiri, aliambiwa yatashughulikiwa kesho. Kesho yake akarudi na meno ya plastiki ndani ya kikopo cha tumbaku. Alisema mjukuu wake ameyapenda.

Hivyo ndivyo saa za madaktari kumi zilivyokwenda. Mapengo ya mbele hupendeza kwenye picha. Gego lililooza halionekani. Nilitafsiri siku tatu, huku nimeuma kitambaa wakati hakuna anayeniangalia. Siku ya tatu, saa saba mchana, nikaona wanafunga masanduku.

"Madam, na mimi?"

"Jamani, mpendwa!" Alijishika kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. "Wana safari ya kreta, na geti lina muda wake. Mwakani wewe ndiye wa kwanza. Nakuandika hapa." Akajigonga kidole kwenye paji la uso.

Wakaenda kuangalia faru.

Baada ya hapo nilihesabu miezi kwa vidonge. Septemba, wakati wa vumbi, dozi moja. Oktoba nyingine. Novemba, mvua za vuli zilipoanza, shavu lilivimba likashuka lenyewe, nikaamini kwamba mwili wangu umejifunza. Wenzangu niliosoma nao walikuwa na ushauri mmoja, wote, kwenye kundi letu la simu: using'oe. Kung'oa ni mambo ya kijijini, watu waliosoma wanatibu mzizi. Niliuliza wanatibia wapi. Mmoja akanitumia video.

Desemba nilipanda basi la Loliondo nikaenda nyumbani Oloipiri kwa Krismasi, na siku ya pili taya likafunga.

Sielezi haya kwa kutia chumvi. Niliamka na uvimbe umeshuka mpaka chini ya kidevu, mgumu kama kiazi, na meno yangu ya juu na ya chini hayakuachana zaidi ya unene wa kidole. Kumeza mate ilikuwa kazi ya kujipangia. Baba, ambaye ni mwinjilisti, aliomba. Kisha akaleta uji.

Hapo lazima nimtaje Koko, bibi yangu, mama yake Baba. Nilipokuwa mdogo alitaka nitolewe meno mawili ya mbele kama wenzangu. Baba alikataa, akasema mambo hayo yamepitwa na wakati na mtoto wake atakwenda shule akiwa na meno kamili. Koko alinyamaza. Kwa Koko kunyamaza ni kuweka akiba.

Alikuja akakaa kwenye kigoda mbele ya mkeka wangu, fimbo magotini.

"Takwenya, Koko," nikasalimu kwa meno yaliyofungwa.

"Iko," akaitikia. "Fungua."

"Sifungui."

Akamgeukia mwanawe. "Uliniambia mambo yangu yamepitwa na wakati."

"Mama, siyo sasa."

"Ni sasa. Mlishe."

Baba akachota uji. Kijiko kikagonga meno yangu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Uji ukateremka kidevuni, ukaingia shingoni. Akajaribu tena. Mara ya tatu uji ulimwagika wote, na Koko, ambaye angeweza kuendelea, akamwonea huruma.

"Toka hapo, wewe na kijiko chako."

Alivuta shavu langu la kulia kwa kidole kama anayefungua mfuko, akamimina maziwa pembeni kabisa, nyuma ya meno, kidogo kidogo, akingoja nimeze. Alikuwa akinung'unika muda wote. Kwamba kuku hulishwa kwa urahisi zaidi. Kwamba chuo kikuu wamenifundisha kila kitu isipokuwa kufungua mdomo. Nililia, na machozi yakawa na mahali pazuri zaidi pa kupita kuliko maziwa. Katika ugonjwa wangu wote, hakuna huduma niliyopewa iliyokuwa bora kuliko ile.

Pale kwenye mkeka niliwaza jambo ambalo bado linanikasirisha. Hakuna kiongozi aliyewahi kuupangia mdomo wa mtu wa Oloipiri chochote. Bibi zetu walipanga. Waliangalia hali ilivyo, wakaona daktari haji, wakaacha tundu. Sisi wasomi tukalicheka lile tundu, na mahali pake hatukuweka kitu, labda kile kiti chenye nailoni.

Zahanati walinichoma sindano na kusema nisilale tena nyumbani, uvimbe ukizidi kushuka utaziba pumzi. Kesho yake Baba akanipandisha basi, akakaa pembeni yangu na chupa ya maziwa. Tulipopita juu kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa umetanda, na magari ya watalii yamesimama yakingoja uinuke. Nikafikiria faru wale. Nina hakika faru mmoja akivimba shavu, daktari atamfikia kabla ya chakula cha mchana.

Hospitali ya serikali walinilaza. Walitoboa jipu kwa ndani, wakaweka bakuli chini ya kidevu changu, na kilichotoka sitakieleza, ila harufu yake ilimfanya mgonjwa wa kitanda cha jirani aombe kuhamishwa. Nilimwonea wivu kwa kuweza kuhama. Usaha ulipotoka nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu masika.

Taya halikufunguka mara moja. Dokta wa meno, kijana mwembamba ambaye nadhani alikuwa peke yake kwa wilaya nzima, alinipa vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Niviweke katikati ya meno vikiwa vimepangwa pamoja, nikae navyo, na kila vikizoeleka niongeze kimoja. Januari yangu nzima ilikuwa vijiti. Nilikuwa nakaa chumbani kwangu Karatu na mbao mdomoni kama mtu aliyezibwa asiseme.

"Ukifungua vya kutosha, unarudi tunang'oa," alisema.

"Haliwezi kutibiwa mzizi?"

"Linaweza. Siyo hapa. Arusha au Moshi, ukiwa na uwezo. Bima yako inasemaje?"

"Sina."

"Basi imeshasema."

Wiki hiyohiyo ndipo Madam Joyce alipoandika. Kambi inarudi Julai, na safari hii kuna mtaalamu wa mizizi! Mimi wa kwanza! Bila shaka nitawakalimania tena. Na kwa sasa naombwa kitu kidogo tu kwa ajili ya wafadhili, ushuhuda mfupi wa jinsi kambi ilivyonisaidia, na picha nikiwa natabasamu. Chini yake akaambatisha bango lao jipya. Mimi nilikuwa katikati, nimevaa shuka walilonikopesha, nimemshika mkono yule bibi wa kikopo cha tumbaku. Mdomo wangu ulikuwa umefunikwa na mkono. Nafikiri waliona ni haya.

Ningefuta ule ujumbe siku hiyohiyo kama ningekuwa mtu mwingine. Mimi niliuhifadhi. Labda safari hii ni kweli. Labda nikikataa ndipo itakuwa kweli. Labda kung'oa ni kukubali kwamba watu kama mimi wanastahili koleo tu, na kusubiri ni kukataa. Lakini kusubiri ni kumwachia Madam Joyce taya langu, na yeye ana geti la kuwahi. Nilizunguka hivyo siku baada ya siku, huku vijiti vikiongezeka na fizi ikianza tena kupiga mapigo madogo, kama moyo wa pili.

Siku ya kliniki nilikwenda, bado sijaamua. Benchi lilijaa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene wa Mang'ola, mfanyabiashara wa vitunguu, kanga kaifunga kuzunguka kichwa na taya.

"Binti, unatetemeka. Unaogopa koleo?"

"Siogopi. Nafikiria."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Maskini." Akanipigapiga goti. "Mimi kitunguu kikioza ndani ya gunia sikifikirii. Nakitoa, nakitupa, nafunga gunia, lori linaondoka. Ninyi mliosoma mngekiandikia barua."

Watu wakacheka. Aliendelea kutuhutubia wote, kwamba jino ni mfupa tu, kwamba yeye amezaa watoto saba bila kupiga kelele, mpaka mlango ukafunguliwa na jina lake likaitwa. Akasimama. Rangi ikamtoka.

"Nakuja, nakwenda haja mara moja," akasema, na akatoka kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mwili ule.

Dokta akangoja. Akachungulia koridoni. "Huyo ni mara ya tatu kunikimbia." Akaniangalia mimi. "Basi wewe. Unang'oa, au bado unatafakari?"

Ningependa kusema kwamba nilipata hoja ya mwisho, ile iliyoshinda nyingine zote. Sikuipata. Niliona tu kiti cha ndani, cha zamani, ngozi imepasuka na kubandikwa plasta, na nikakumbuka kile cha kwenye nailoni. Hiki kilikuwa kimekaliwa. Aliyesimama pembeni yake alikuwepo leo, na ninajua atakapokuwepo kesho. Yule wa Julai alikuwa ahadi tu.

"Nang'oa," nikasema.

Nikakaa. Akapiga ganzi, ulimi ukawa wa mtu mwingine.

"Wewe si Mmasai? Watu wa kwenu mnatoa mazima, utotoni, bila hata sindano. Wewe bovu limekutesa mwaka mzima!"

"Baba alikataa," nikajaribu kusema. Ilitoka kama kukoroma. Akacheka, na mimi nikacheka kwa upande uliokuwa hai, na katikati ya kicheko akaweka koleo. Nilisikia mlio, si maumivu, mlio kama mzizi wa mti unaovutwa kwenye udongo mkavu. Halafu likatoka.

Sikushinda chochote, na sitaki mtu anipongeze. Jino lile lingeweza kuzibwa wakati wa masika, kwa kazi ya asubuhi moja, kama angekuwepo mtu na kifaa. Badala yake nimeng'oa gego nikiwa bado kijana, na kila ninapotafuna nyama ulimi wangu huenda kukagua pale. Lakini wewe unayeegemeza shavu ukutani, nakuambia kwa ukali: ukiweza kuzibiwa mapema, kaombe, ukasumbue, ukakae mlangoni mpaka wakuchoke. Ukishachelewa, usimngoje mtu anayekuahidi huku anaangalia saa.

Nilitoka na pamba mdomoni na gego mkononi, ndani ya kidole cha glovu. Yule mama wa vitunguu alikuwa amejibanza kwenye kona ya koridoni.

"Limetoka?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo. Nikamwonyesha. Lilikuwa jeusi upande mmoja, mizizi imekunjamana.

"Umelia?"

Nikatikisa kichwa, hapana. Akaliangalia gego, akaniangalia mimi, akajifunga upya kanga yake, akasema kitu kwa Kiiraqw ambacho sikuhitaji kutafsiriwa, akaingia ndani.

Mimi nikakaa kwenye benchi. Nikaliweka gego juu ya pamba safi, damu kidogo bado ipo, nikalipiga picha mara mbili mpaka ikatoka vizuri. Nikamtumia Madam Joyce. Alikuwa ameomba tabasamu. Chini yake nikaandika kwamba Julai watafute mkalimani mwingine, nikaifunga simu, nikaenda kununua maziwa.